Kodi ya mauzo kwa wanaoandaa bili za matibabu Texas: hatua kwa hatua

Karibu kila mwezi napigiwa simu na mtu aliyeanza biashara ya kuandaa bili za matibabu, na swali ni lile lile: "Kaka, hivi madaktari natakiwa kuwatoza kodi ya mauzo au sitakiwi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyefanya kazi ya uuguzi au ya mapokezi kliniki kwa miaka, akasomea misimbo ya kutambulisha magonjwa na matibabu kwenye bili, akapata wateja wawili watatu wa Houston au Fort Worth, na sasa anafanya kazi mezani kwake usiku watoto wakishalala. Kazi yake anaijua vizuri. Kinachomtisha ni kodi, na kila anayemuuliza anampa jibu tofauti.

Jibu la Texas ni hili: sehemu ya kazi yako haitozwi kodi na sehemu inatozwa. Mpaka uko pale dai la bima, yaani ombi la kliniki kwa kampuni ya bima ilipie matibabu, linapotumwa kwa mara ya kwanza. Ukiushika mpaka huo, yanayobaki ni mkataba, ankara na tarehe.

Majibu yanapingana kwa sababu yenyewe yamebadilika. Kwa miaka mingi ofisi ya kodi ya jimbo, Texas Comptroller, ilikuwa haiihesabu kazi hii kuwa huduma ya bima. Novemba 2019 ikatangaza kwamba imegeuza msimamo, na kwamba kuanzia Januari 2020 bili za matibabu zingetozwa kodi kama huduma za bima. Madaktari na kampuni za bili wakapiga kelele, utekelezaji ukaahirishwa, na mwaka 2021 Bunge la Texas likapitisha muswada HB 1445. Sheria hiyo inasema huduma ya bili za matibabu au za meno inayofanywa kabla dai halijawasilishwa kwa mara ya kwanza si huduma ya bima. Kwa hiyo aliyekwambia "inatozwa" huenda alisoma tangazo la 2019, na aliyekwambia "ilifutwa" huenda alisikia habari za 2021 akaishia katikati.

(Hapa nitasema "misimbo" kila ninapotaja CPT, misimbo ya matibabu, na ICD-10, misimbo ya magonjwa. Wengi wetu tunasema "kodi" kwa mazoea, lakini katika mada hii tutachanganyana.)

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Weka mezani mikataba yako yote na wateja, ankara za miezi mitatu iliyopita, anwani kamili ya kila kliniki na anwani kamili ya mahali unapofanyia kazi. Uwe na namba yako ya EIN, namba ya kodi ya biashara kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya taifa, au namba ya Social Security kama biashara ni ya jina lako mwenyewe. Fungua pia akaunti ya benki ya pili, hata kama itakaa na dola hamsini tu kwa kuanzia. Sababu yake utaiona hatua ya saba.

Hatua za kufuata

1. Orodhesha kila kazi unayofanya, kisha chora mstari.

Chukua karatasi. Andika kila kitu unachomfanyia mteja mmoja, tangu mgonjwa anapokata miadi hadi deni linapoisha. Usiandike neno "bili" peke yake, kwa sababu neno hilo ndilo linalowapoteza watu. Andika vitendo: kuhakiki bima ya mgonjwa, kuweka misimbo, kuingiza gharama, kukagua makosa kwenye dai, kutuma dai kwa fomu ya CMS-1500. Hapo chora mstari mzito. Chini yake andika yanayofuata: kufuatilia dai lililokataliwa, kuandika rufaa, kutuma dai upya, kuingiza malipo ya bima kwenye vitabu, kuwatumia wagonjwa taarifa ya deni, kuwapigia simu waliochelewa kulipa.

Yaliyo juu ya mstari yanalindwa na sheria ya 2021. Yaliyo chini hayana kinga hiyo, na kila moja linahitaji kuangaliwa. Sheria ya Texas inataja kushughulikia madai ya bima miongoni mwa huduma za bima zinazotozwa kodi, kwa hiyo rufaa na ufuatiliaji wa madai vinaingia kwenye eneo la hatari. Kukusanya madeni yaliyopitiliza ni huduma inayotozwa kodi kwa jina lake lenyewe. Kuchakata au kuhifadhi data za mteja kama huduma ya pekee nako kunatozwa, ila hapo asilimia 20 ya bei imesamehewa na kodi inahesabiwa kwenye asilimia 80 iliyobaki.

Kosa la kawaida: kudhani kwamba kwa vile kazi ya kwanza haitozwi, kila kinachoifuata nacho hakitozwi. Sheria imeweka neno "kabla" kwa makusudi.

2. Jua mteja wako yuko jimbo gani.

Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa. Kila jimbo lina sheria yake, na kinachoangaliwa kwa huduma kama hii ni mahali mteja anapoipokea na kunufaika nayo. Mahali ulipokaa na kompyuta yako hapaamui peke yake. Kliniki ikiwa Texas, soma sheria ya Texas. Ikiwa Albuquerque, soma ya New Mexico, hata kama wewe uko El Paso, mwendo wa saa nne tu kwa gari.

Tofauti ni kubwa. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hazina kodi ya mauzo kabisa, ingawa Delaware inatoza wafanyabiashara kodi ya mapato ghafi. California kwa ujumla haitozi huduma. Upande wa pili kuna South Dakota, Hawaii, New Mexico na West Virginia, ambako huduma nyingi zinatozwa isipokuwa zile zilizosamehewa kwa jina. Huko usianze kwa kuuliza "je, bili zinatozwa?" Uliza "je, kuna msamaha unaonihusu?" Connecticut inatoza uchakataji wa data asilimia 1, na Ohio inatoza uchakataji wa data kwa kompyuta unaofanywa kwa ajili ya biashara. Ukipata mteja kwenye majimbo hayo mawili, soma mkataba wako kwa jicho hilo kabla hujasaini.

Kisha kuna swali la kiwango. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, tarehe 21 Juni 2018, jimbo linaweza kukudai ukusanye kodi yake hata kama huna ofisi wala mfanyakazi huko, mradi mauzo yako yamefika kiwango fulani. Texas na California zimeweka dola 500,000, South Dakota dola 100,000.

Kosa la kawaida, na hili nimelikuta kwa watu makini kabisa: mkazi wa Texas kusema "mimi sijafika laki tano, sihusiki". Kiwango hicho ni cha walio nje. Ukiwa unaishi na kufanya kazi ndani ya Texas, dola ya kwanza ya huduma inayotozwa kodi inakuhusu. Aliyekaa Nairobi au Dar es Salaam akifanya kazi ya kliniki ya Dallas ndiye anayeweza kukitumia. Hata yeye ajue kwamba kodi haijafa: kliniki yenyewe inadaiwa kuilipa kama kodi ya matumizi.

3. Omba kibali kabla ya kutoza.

Kibali cha kodi ya mauzo cha Texas ni bure. Kinaombwa mtandaoni kwa Texas Comptroller, au kwa fomu AP-201. Mtu akikutoza ada ya kibali chenyewe, mkimbie. Ukiwa na hakika kwamba kazi zako zote ziko juu ya ule mstari, huhitaji kibali kwa ajili yake. Lakini ni wachache sana wenye wateja wanaokubali mtu anayeishia kutuma dai. Daktari anataka hela iingie, na hela inaingia baada ya ufuatiliaji.

Kibali kikishatoka, ofisi itakuambia kama utawasilisha ritani, yaani taarifa ya mauzo na kodi yako, kila mwezi, kila robo mwaka au mara moja kwa mwaka. Andika jibu hilo mahali utakapoliona kila siku.

4. Andika mkataba unaotenganisha kazi.

Hii ndiyo hatua yenye pesa, kwa hiyo twende taratibu.

Wengi wetu tunalipwa kwa asilimia ya makusanyo. Tuseme mkataba unasema asilimia 6 ya kila kinacholipwa, na mwezi huu kliniki imepokea dola 60,000. Ada yako ni dola 3,600. Ankara ikisema tu "huduma za bili, dola 3,600", umeunganisha kazi isiyotozwa na inayotozwa kwenye bei moja. Kanuni ya Texas inasema huduma zisizohusiana zikiuzwa kwa bei moja, na sehemu inayotozwa kodi ikazidi asilimia 5 ya bei yote, basi bei yote inachukuliwa kuwa inatozwa kodi mpaka wewe uthibitishe vingine. Kwa Houston, ambako kiwango ni asilimia 8.25, hiyo ni dola 297 za kodi.

Sasa tenganisha. Maandalizi na utumaji wa madai, dola 2,700. Ufuatiliaji wa madai yaliyokataliwa na ukusanyaji wa madeni, dola 900. Kodi inahesabiwa kwenye dola 900 tu, yaani dola 74.25. Mteja wako ameokoa dola 222.75 kwa mwezi, na kwa mwaka ni dola 2,673, kwa kazi ile ile na mtu yule yule.

Mkataba useme hivyo waziwazi: asilimia 4.5 kwa kazi ya kabla ya kutuma dai, asilimia 1.5 kwa kazi ya baada. Namba hizo zitoke kwenye kazi halisi. Kwa wiki nne pima saa zako, uone robo ya muda inakwenda wapi. Usiandike kwamba ufuatiliaji ni dola 20 kwa mwezi wakati kila Jumanne unashinda kwenye simu ukisubiri kampuni ya bima ipokee. Mkaguzi ataomba kumbukumbu za simu zako, na mgawanyo wa uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na mgawanyo.

5. Andaa ankara yenye mistari mitatu.

Mstari wa kwanza: huduma za kabla ya kuwasilisha dai, bila kodi. Wa pili: huduma za baada ya kuwasilisha dai, zinazotozwa kodi. Wa tatu: kodi ya mauzo ya Texas, kiwango na kiasi. Kodi isifichwe ndani ya bei, ionekane peke yake.

Kiwango cha jimbo ni asilimia 6.25. Miji, kaunti na mamlaka za usafiri zinaongeza hadi asilimia 2, kwa hiyo jumla haizidi 8.25. Kwa muuzaji aliyeko Texas, sehemu ya mtaa kwa kawaida inafuata mahali biashara yako ilipo, nyumbani kwako ikiwemo. Tafuta kiwango kwa anwani kamili kwenye kitafutio cha Comptroller. Usitumie msimbo wa posta peke yake, kwa sababu msimbo mmoja unaweza kuvuka mpaka wa mji na ukakupa kiwango kisicho chako.

6. Kusanya vyeti vya msamaha kabla ya ankara ya kwanza.

Hospitali au kliniki isiyo ya faida yenye hadhi ya 501(c)(3) inaweza kusamehewa, lakini lazima ikupe cheti cha msamaha, fomu 01-339, kimejazwa na kusainiwa. Neno la mdomo halitoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kuhudumia kliniki moja ndogo ambayo meneja wake aliniambia, "Sisi ni watu wa kanisa, hatulipi kodi." Nilimwamini, nikaacha kutoza mwaka mzima. Nilipokuja kuomba karatasi, ilionekana kwamba jengo ndilo la kanisa, na kliniki ilikuwa biashara ya kawaida iliyopanga humo. Kodi ya mwaka ule niliilipa mfukoni, kwa sababu mteja alikuwa amekwishafunga hesabu zake na hakutaka kusikia ankara mpya.

Kosa jingine hapa linahusu Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali. Wengi wanasema, "Wagonjwa wanalipiwa na serikali, na serikali haitozwi kodi." Angalia nani amekuajiri. Mnunuzi wa huduma yako ni daktari. Anayemlipa daktari ni habari nyingine, na msamaha wake haukufikii.

7. Tenga kodi siku ile ile unapolipwa.

Kodi uliyokusanya ni amana ya jimbo. Mteja akilipa dola 3,674.25, hamisha dola 74.25 kwenye ile akaunti ya pili kabla hujalipa kitu kingine chochote. Naliomba hili kwa moyo wote. Nimeona watu wema wakiikopa kulipa pango, wakiamini watairudisha wiki ijayo. Jimbo linaweza kumdai mwenye biashara binafsi kodi aliyoikusanya na hakuiwasilisha, na kuwa na LLC, kampuni yenye dhima ndogo, hakukukingi na deni hilo.

8. Wasilisha ritani kwa wakati, hata kama ni sifuri.

Ritani inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata kipindi chako. Robo ya Januari hadi Machi inawasilishwa kufikia tarehe 20 Aprili. Ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Unaingia Webfile, mfumo wa Comptroller wa kuwasilisha mtandaoni, unajaza mauzo yote, mauzo yanayotozwa kodi, kisha unalipa. Ukiwasilisha na kulipa kwa wakati unabaki na nusu asilimia ya kodi. Kwa biashara ndogo ni senti tu, lakini ni zako.

Ukichelewa kuna faini ya dola 50 kwa kila ritani, hata kama hudaiwi kodi yoyote. Juu yake kuna asilimia 5 ya kodi ukichelewa siku 1 hadi 30, na asilimia 10 ukizidisha siku 30. Ndiyo maana ritani ya sifuri nayo ina thamani: ukikaa kimya robo nne kwa vile hukuuza, umejitafutia dola 200.

9. Tunza kumbukumbu miaka minne.

Mikataba, ankara, vyeti, karatasi ya saa zako, na ripoti ya programu yako inayoonyesha tarehe kila dai lilipotumwa kwa mara ya kwanza. Ripoti hiyo ndiyo ushahidi wa mstari wako wote. Unapoitunza kwa ajili ya kodi, ondoa majina ya wagonjwa na magonjwa yao, kwa sababu HIPAA, sheria ya faragha ya taarifa za wagonjwa, inakubana hata mbele ya mkaguzi wa kodi. Tarehe, namba ya dai na kiasi vinatosha.

Mambo yakikwama

Nimekuwa nikitoza kodi kwenye kila kitu. Pesa uliyoikusanya kwa jina la kodi inakwenda kwa jimbo au inarudi kwa mteja, na katika hali zote mbili si yako. Rekebisha ankara zijazo, kisha zungumza na mteja kuhusu kurudishiwa ya nyuma. Usiihamishie kwenye mapato yako kimyakimya.

Sijawahi kutoza chochote, na nina miaka miwili. Usisubiri barua. Texas ina utaratibu wa kujitokeza kwa hiari, ambao unaweza kukuondolea adhabu ukijitokeza wewe kabla hawajakufikia. Wakishakupigia, mlango huo umefungwa. Aliyekusanya kodi akaikalia hapati nafuu sawa na ambaye hakutoza kabisa. Kwa hili tafuta CPA, mhasibu mwenye leseni, anayeijua kodi ya mauzo, maana wengi wanaijua ya mapato tu.

Dokta anagoma kulipa kodi, anasema mtu wa awali hakumtoza. Mpelekee orodha ya hatua ya kwanza, umwonyeshe mstari. Mweleze kwamba usipomtoza wewe, yeye bado anadaiwa kodi ya matumizi, na akikaguliwa atailipa pamoja na adhabu. Mara nyingi akiona kwamba robo tatu ya ada haina kodi, ugomvi unaisha hapo.

Dai lilikataliwa kwa kosa langu, nikalirekebisha na kulituma upya. Je, ni kazi mpya? Utumaji wa kwanza umeshapita, kwa hiyo kinga ya kabla ya dai haikufuati. Lakini kama hutozi ada kwa kurekebisha kosa lako mwenyewe, hakuna bei ya kutoza kodi. Andika hivyo kwenye mkataba: makosa ya mwandaaji yanarekebishwa bila malipo.

Nina kazi ambayo haikai juu wala chini ya mstari. Tafuta kwanza kwenye STAR, hifadhi ya Comptroller ya barua na maamuzi ya kodi iliyo wazi kwa kila mtu, na uangalie tarehe ya kila barua unayoisoma, maana ya kabla ya 2021 huenda inaeleza sheria ya zamani. Usipopata, waandikie. Eleza kazi yako kwa vitendo kama ulivyoiorodhesha, pamoja na wakati inapofanyika ukilinganisha na siku dai lilipotumwa. Omba jibu la maandishi, liweke kwenye faili la mteja huyo. Mpaka jibu lifike, itoze kodi na uiwasilishe: kurudishia mteja dola 30 ni rahisi kuliko kumfuata miaka mitatu baadaye akulipe kodi ambayo hukumtoza.